Punguza Vyumba, Usipunguze Haki



Mtu aingiaye Mwanza kwa meli wakati wa asubuhi, jambo la kwanza analoliona ni mawe, na la pili ni nyumba zilizopandana juu ya mawe hayo. Ziko Igogo, ziko Mabatini, ziko Bugando na Isamilo, moja juu ya nyingine, hata utadhani kizingiti cha jirani wa juu kimekaa juu ya bati la jirani wa chini. Mgeni huona uzuri wa picha. Mwenye akili huona swali: watu hawa walikosa nini bondeni hata wakapanda kujenga juu ya majabali?

Walikosa nafasi. Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala hapa mwaka 1892. Reli ya kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Biashara ya pamba na samaki ikavuta watu kutoka kila upande wa ziwa. Na mwaka 2000 mji ukapewa hadhi ya Jiji. Katika sensa ya mwaka 2012 wilaya mbili za mji huu, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu 706,453. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 1,104,521. Basi katika miaka 10 waliongezeka watu karibu 400,000, na ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni majabali, na katikati ni watu wanaogombea kiwanja.

Tupige mfano wa kijana mmoja, mwalimu wa shule, mwenye mke na watoto wawili, anayelipa kodi Nyamanoro. Siku anapoanza kutafuta nyumba, moyo wake uko Capri Point au Isamilo. Ataka vyumba vinne, ukumbi mpana, ukuta, geti, na dirisha la kulitazama ziwa. Baada ya miezi sita ya kuzunguka na madalali amechoka, na usiku mmoja mkewe amwambia, “Mume wangu, nyumba hii umeipima kwa mshahara wako au kwa macho ya watu?” Swali hili ni zito, nasi twapenda kila nyumba iliulize kabla ya kuuliza bei. Kwani mwenye kutafuta maskani katika mji kama huu hana budi kupunguza kitu. Hakuna atakayepata yote. Khatari ni kwamba wengi wetu hupunguza kisichofaa kupunguzwa, na hushikilia kisicho na maana.

YAFAAYO KUPUNGUZWA

La kwanza ni mahali. Leo watu wanajenga Buhongwa, Kishiri, Buswelu, Kiseke na Nyamhongolo, na wengine wamevuka mipaka ya Jiji hata Kisesa iliyo wilaya ya Magu, na Usagara iliyo wilaya ya Misungwi. Na tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, hata upande wa Sengerema si mbali kama ulivyokuwa siku za kungojea kivuko. Anayehamia pembezoni na apige hesabu ya nauli ya kila siku, shule ya watoto, maji, na msikiti wa kuswalia Alfajiri. Mambo hayo ndiyo ujirani. Sifa ya jina la mtaa si kitu.

La pili ni ukubwa. Kiwanja kinachoitwa cha ujazo mkubwa ndicho kiwanja kidogo, kwa kuwa ujazo ni wa nyumba, si wa ardhi. Wengi hukidharau ilhali chatosha vyumba vitatu na uwanja wa kuanika nguo. Mtume wetu (S.A.W.) amehisabu nyumba yenye nafasi kuwa ni katika mambo ya furaha ya mtu, na hatusemi kwamba kuitamani ni makosa. Lakini kuitamani ni jambo moja, na kujifilisi kwa ajili yake ni jambo lingine.

La tatu ni muda. Aghalabu ya watu wetu hawanunui nyumba iliyokwisha. Hununua kiwanja, wakachimba msingi, wakasimamisha boma, wakapumzika, kisha wakapaua. Wengine hutangulia kujenga kibanda cha uani, wakahamia humo na kuiacha kodi, na nyumba kubwa ikangojea rizki yake. Hakuna aibu katika boma lisilopauliwa. Aibu ni boma lililopauliwa kwa haramu.

YASIYOPUNGUZIKA

Kwanza ni uhalali wa fedha. Sheria ya mwaka 2008 imerahisisha mikopo ya nyumba katika nchi yetu, na taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni zimetaja riba ya baina ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tumfanyie mwalimu wetu hesabu. Akikopa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 na kulipa kila mwezi kwa miaka 20, atalipa kiasi cha shilingi 526,700 kwa mwezi, na jumla yake ni zaidi ya milioni 126. Atakuwa amelipa nyumba tatu na kukaa katika moja. Na hiyo ni khasara ya dunia tu; ya Akhera ni kubwa zaidi, kwani Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amehalalisha biashara na kuharimisha riba, na kuwaonya wasioiacha kwa onyo lisilotolewa kwa madhambi mengi mengine.

Njia hazikufungwa. Iko Benki ya Amana, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na baadhi ya mabenki mengine yamefungua madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha, benki hununua kitu kwanza kikawa chake, kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa waziwazi, nawe ukalipa kwa mafungu yasiyozidi hata ukichelewa kwa udhuru. Katika ushirika unaopungua, wewe na benki mwanunua pamoja, nawe ukawa unalipa kodi ya sehemu yake na kuinunua kidogo kidogo. Usione haya kuuliza: Je, benki imeimiliki nyumba kweli kabla ya kuniuzia? Faida ni kiasi gani? Nikichelewa itakuwaje? Jina la Kiarabu peke yake halihalalishi mkataba.

Pili ni haki ya muuzaji kuuza. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na migogoro mingi ya viwanja imetoka katika kuvunja neno hilo. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Basi uliza karatasi ya haki hiyo: ni hati miliki, ni ofa, ni leseni ya makazi, au ni barua ya mtaa tu? Ikiwa ni hati, nenda ukafanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji lazima ihusike kwa Sheria Na. 5 ya mwaka huo huo. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kimekataza mmoja kuiuza bila ya ridhaa ya mwenziwe. Basi mke wa muuzaji naye asikilizwe.

Na jihadhari sana na nyumba ya mirathi. Mara nyingi kaka mkubwa huuza nyumba ya marehemu baba, ilhali mjane ana thumni yake na dada zake wana mafungu yao kwa hukumu ya Suratun Nisaa. Muulize: Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani? Warithi wote wameridhia? Tena katika madhehebu ya Imam Shafi, aliye mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya shufaa. Akitaka, yeye ndiye wa mbele yako kwa bei ile ile. Ukinunua kwa haraka na kwa bei ndogo, huenda umenunua machozi ya yatima.

Tatu ni haki ya mnunuzi mwenzako. Dalali akuambiapo, “Fanya upesi, jioni anakuja mtu na fedha taslimu,” huenda ni kweli, na huenda mtu huyo hayupo. Kumweka mtu wa uongo ili bei ipande ndiyo najash, nayo Mtume ameikataza. Lakini nawe pia tazama nafsi yako. Kupandishiana bei katika mnada si haramu, kwani Mtume mwenyewe aliuza kwa mnada kitambaa na bakuli la maskini mmoja. Ama muuzaji na ndugu yako wakiisha kupatana, ukaingia wewe na nyongeza ya milioni mbili, hiyo ndiyo kununua juu ya ununuzi wa ndugu yako, nayo imeharimishwa.

Nne ni haki ya jirani na ya ardhi yenyewe. Mwambani choo hakichimbiki, na maji machafu ya juu hushukia mlango wa aliye chini; basi ulizia bomba la majitaka kabla ya kuulizia rangi ya vigae. Ufukweni nako, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani na mitoni. Wako waliodhani ni maneno ya karatasi, hata mwaka 2020 ziwa likapanda kufikia kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu mwaka 1964, likadai lililo lake.

NYUMBA ILIYO BORA

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub Al-Ansari muda wa miezi kama saba, mgeni katika nyumba ya mtu. Kiwanja cha msikiti kilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kumpa bure. Akakataa mpaka akakinunua. Tazama: kiongozi wa mji, mwenye kupendwa na wote, hakukubali kuchukua ardhi ya yatima bila ya thamani yake. Kisha vyumba vyake vikajengwa kando ya msikiti kwa matofali ya udongo na makuti ya mitende, na Hasan Al-Basri asimulia kwamba alipokuwa kijana aliingia humo akaigusa dari kwa mkono wake. Dari ilikuwa chini. Haki ilikuwa juu.

Basi, ewe kijana, keti na mke wako usiku wa leo, mchukue kalamu. Andikeni upande mmoja mnayoweza kuyaacha: mtaa wenye jina, chumba cha nne, geti, haraka. Upande wa pili andikeni msiyoyaacha hata mkikaa nyumba ya kupanga miaka 10 mingine: fedha safi, karatasi safi, na jirani aliyeridhika. Kisha tokeni mkatafute. Huenda mkaishia Kishiri katika vyumba viwili, mkatazama mawe badala ya ziwa. Lakini mtalala humo bila ya kuogopa mlango kubishwa na mdai, wala na mrithi, wala na afisa, na watoto wenu watarithi nyumba na si kesi.

Mwenyezi Mungu atupe maskani yenye baraka hapa duniani, na iliyo bora zaidi kesho Akhera. Amin. Wabillahi tawfiq.