Fedha za Wasio na Kazi

Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1911 iliweka bima kwa wafanyakazi wa kazi fulani, kama ujenzi wa meli. Kila juma mfanyakazi na tajiri wake walitoa peni chache, na Serikali ikaongeza. Aliyekosa kazi alipewa shilingi 7 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 15. Haikuwa sadaka.

Hata hivyo, shida ilipozidi, wako waliosema kwamba fedha hizo huzaa uvivu. Tangu mwaka 1931 wakaguzi waliingia majumbani kupima mali za watu, jambo lililowatia aibu sana.

Mwezi wa Oktoba 1936, wanaume 200 wa Jarrow, ambako kiwanda cha meli kilikuwa kimefungwa, walikwenda London kwa miguu, karibu maili 300. Ombi lao halikuwa posho, bali kazi.