Unapanda milima ya Kilolo? Jua haya kabla ya kununua GPS

Ukipita Udekwa, wilayani Kilolo, na kuanza kuingia msitu wa Ndundulu, usitegemee simu yako kushika mtandao. Huku ni milima ya Udzungwa. Ni msitu ambao kwale wa Udzungwa aligundulika mwaka 1991, na mwaka 2004 ikathibitika kuwa nyani adimu aitwaye kipunji anaishi humo. Kilele cha Luhomero kina zaidi ya mita 2,500, na safari ya huko ni ya siku kadhaa.

Ukungu ukishuka, mtu anaweza kutoka kambini kuchota maji akashindwa kurudi. Ndiyo maana wengi huuliza: ninunue GPS gani?

Je, GPS inataka bando?

Hapana. Satelaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Simu yako haizitumii chochote, inazisikiliza tu. Ikizipata nne, inajua ulipo, hata kama haina laini.

Kinachotaka bando ni ramani. Usipoipakua mapema, utaona kidoti tu kwenye skrini tupu. Ukiwa bado Iringa mjini, weka programu kama OsmAnd au Organic Maps, pakua ramani ya Tanzania, kisha zima data ujaribu kama inafunguka.

Bila mtandao, simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kupata satelaiti kwa mara ya kwanza. Iwashe mahali pa wazi, kabla ya kuingia chini ya miti.

Simu inatosha?

Kwa matembezi ya siku moja, na mwongozaji anayeijua njia, mara nyingi inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege, maana simu inayohangaika kutafuta mnara humaliza chaji haraka. Beba pawa benki.

Kwa siku tatu au nne, mambo hubadilika. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na skrini iliyolowa mvua haisikii kidole.

Hapo ndipo GPS ya mkononi inapofaa. Ina vitufe, inahimili mvua, na baadhi hutumia betri mbili za AA, zile ndogo za redio. Garmin eTrex 22x, kwa mfano, hukaa hadi saa 25 kwa betri hizo, kwa mujibu wa mtengenezaji. Betri za AA zinapatikana hata dukani kijijini, wakati umeme wa kuchajia msituni hakuna.

Miti minene pia hudhoofisha mawimbi. Vifaa vinavyosoma mifumo zaidi ya mmoja, yaani GPS pamoja na GLONASS au Galileo, hupata satelaiti nyingi zaidi. Vinavyopokea masafa mawili, kama Garmin GPSMAP 65, hupunguza makosa zaidi kwenye mabonde na chini ya miti.

Kujua ulipo si kuita msaada

Hapa ndipo wengi wanapokosea. GPS ya kawaida inakuonyesha wewe ulipo. Haimwambii mtu mwingine. Ukivunjika mguu, utajua kabisa umelala wapi, lakini hakuna atakayekuja.

Anayetaka kuita msaada anahitaji kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti. Garmin inReach hutumia satelaiti za Iridium, na ina kitufe cha SOS kinachopeleka taarifa kituo cha kimataifa kinachofanya kazi saa 24. Kituo hicho huwasiliana na mamlaka za nchi uliyopo. Vifaa hivi hulipiwa ada ya huduma, na bila ada havitumi kitu. Uliza pia TCRA kuhusu utaratibu wa kuvitumia nchini.

Hata hivyo, usisubiri helikopta. Wa kwanza kukufikia huenda wakawa wanakijiji na askari wa hifadhi, kwa miguu. Tuma ujumbe wa majaribio kwa namba ya mtu wako kabla ya kuondoka mjini, uhakikishe unafika.

Namba zikikosewa

Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile katika mifumo hii miwili hupishana kwa mamia ya mita. Msituni, hiyo ni kona nyingine ya mlima.

Kubalianeni mapema kutumia latitudo na longitudo za WGS 84. Usisahau kutaja kusini. Ukiisahau, namba za Ndundulu zitasomeka Ethiopia, upande wa Jimma.

Kabla ya kuondoka

Pata kibali na mwongozaji. Sehemu ya msitu iko chini ya TFS, na sehemu iko chini ya TANAPA. Weka alama ya kijiji na ya kila kambi kwenye kifaa, na acha kirekodi njia ili uweze kurudi ulikopita.

Mwisho, andika kwenye karatasi njia mtakayopita na siku ya kurudi, uiache ofisi ya kijiji. Betri zikiisha zote, karatasi hiyo ndiyo itakayowaambia watu waanzie wapi kukutafuta.