Kodi ikikuhamisha, kliniki isikatike

Mwenye nyumba amekwambia chumba chako anakigeuza cha watalii. Unawaza kodi na gari la kuhamishia vyombo. Afya unaikumbuka mwisho.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba nyingi zilizokuwa za familia leo ni hoteli. Anayehamia mbali huacha kliniki aliyoizoea, na jirani wa kumgongea mlango usiku presha ikipanda.

Kabla ya kuhama, omba kliniki dawa za mwezi mmoja na barua ya kupeleka kituo kipya. Dawa za presha au kisukari usiziache kwa kuwa unajisikia vizuri. Kadi ya mtoto ibebe mkononi, usiitie kwenye mizigo: chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, kisha 18, na hiyo ya pili ndiyo husahaulika.

Mtaani kwenu kuna kikundi cha wakazi? Jiunge kabla ya notisi. Mkienda kwa sheha pamoja mtasikilizwa kuliko mmoja mmoja. Na mkitawanyika, namba za simu mlizoandikiana zitamkumbusha bibi siku yake ya kliniki.