Kutoka getini hadi barazani, nani apewe kazi: mmwaga zege au mpanga pevingi?

Nyumba za Nyanda za Juu Kusini hujengwa kwa miaka, na njia ya gari huja mwisho kabisa, baada ya bati, madirisha, geti na deni la fundi umeme. Hapo ndipo mwenye nyumba wa Isyesye jijini Mbeya, au wa Kihesa mjini Iringa, anapoletewa bei mbili. Fundi mmoja anataka kumwaga zege, mwingine anataka kupanga pevingi.

Cha kushangaza, tofali la kuchoma halimo katika mashindano haya, ingawa ndilo lililosimamisha kuta za mitaa mingi ya miji hii miwili. Kila kiangazi mvua zikikata, matanuri hupangwa mabondeni na kuchomwa kwa kuni za mikaratusi, mabanzi ya viwanda vya mbao au, huko mpunga unakolimwa, pumba. Tofali hili ni rahisi kwa sababu udongo ni wa palepale na nguvu kazi ni ya kijijini. Tatizo ni kwamba tanuri la kienyeji halina joto sawa pande zote. Tofali la katikati huiva, la pembeni hubaki bichi, na yote mawili hupakiwa kwenye Fuso moja. Ukutani hilo linavumilika, maana uzito unashuka wima na plasta inafunika. Njiani hakuna plasta. Tairi linakata kona juu yake, linafunga breki juu yake, na mvua inaingia kwenye vinyweleo vyake. Misimu miwili ya mvua ikipita, kingo zimeshameguka na uwanja umegeuka vumbi jekundu.

Si kwamba tofali la udongo haliwezi kuwa barabara. Uholanzi ilitandika mitaa yake kwa tofali la namna hiyo kwa karne nyingi, ila lao lilichomwa kwa moto mkali hadi udongo ukakaribia kuwa kioo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rotterdam ikiwa imevunjwa kwa mabomu tangu mwaka 1940, matofali yalihitajika kwanza kwa nyumba. Ndipo vikaanza kufyatuliwa vitofali vya zege vya kutandika barabarani badala yake. Pevingi tunayoiona leo Forest ya Mbeya na Gangilonga ya Iringa ni mjukuu wa uhaba huo. Kwa hiyo anayechagua hapa anachagua kati ya zege na zege: la kumwagwa papo hapo, au lililokatwa vipande kiwandani.

Kwa kuwa bei ya leo haitakuwa ya mwezi ujao, nitahesabu kwa mifuko. Chukua njia ya kawaida, upana mita 3 na urefu mita 20, yaani mita za mraba 60. Zege la uwiano wa 1:2:4 hula takriban mifuko sita na nusu ya saruji kwa kila mita ya ujazo. Ukimwaga unene wa sentimita 15, ambao utabeba hata gari zito, kila mita ya mraba inameza karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Hiyo ni mifuko 60 hivi, kabla ya waya wa BRC na mbao za kuzuia pembeni. Pevingi ya unene wa milimita 60, ikifyatuliwa kwa haki, inataka karibu nusu mfuko kwa mita ileile, yaani mifuko 30. Ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, ulioanza Julai 2023, una maana ya shilingi 1,000 kwa mfuko. Mmwaga zege ameshailipa Hazina shilingi 60,000 kabla hajachanganya koleo la kwanza, na mpanga pevingi 30,000.

Hapa Mbeya na Iringa zinaachana. Mbeya ina kiwanda chake Songwe, magharibi mwa jiji, kinachotoa saruji ya Tembo. Iringa haina kiwanda. Saruji yake ama inapanda Mlima Kitonga kwa lori kutoka Dar es Salaam, ama inaletwa kutoka Songwe kwa safari ya zaidi ya kilomita 300. Reli ya TAZARA, ambayo ingepunguza makali, inapita Makambako na kuuacha mji wa Iringa pembeni. Kila mfuko unaookolewa Iringa, basi, umeokolewa pamoja na nauli yake. Kwa upande mwingine Iringa imekaa juu ya miamba ya matale, na kokoto si kitu cha kusafiria mbali. Hata hivyo, kwa maoni yangu mwenye kiwanja tambarare Iringa ana sababu nzito zaidi ya kuchagua pevingi kuliko mwenzake wa Mbeya.

Uzito ndio unaoeleza sura ya biashara yenyewe. Mita moja ya mraba ya pevingi ya milimita 60 ina karibu kilo 140. Tipa la tani 10 linabeba mita za mraba 70 tu, sawasawa na uwanja wa nyumba moja. Bidhaa ya namna hiyo haivumilii safari, na ndiyo maana hatuna kampuni kubwa ya pevingi inayouza nchi nzima kama zinavyouza za bati au rangi. Tuna yadi: kijana mwenye mashine ya kutikisa, lundo la mchanga, turubai na pipa la maji. Mtaji wa kuanzia ni mdogo kiasi kwamba vikundi vya vijana na wanawake hujitosa humu kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nayo kwa miaka mingi imekuwa mlango wa kupatia mashine ndogo za kufyatulia.

Urahisi huohuo wa kuingia ndio kidonda chake. Yadi zikijaa, wauzaji hushindana kwa bei, na bei ikishuka kitu cha kwanza kupunguzwa ni saruji. Mnunuzi anaweza kuibana yadi kwa swali moja: mfuko mmoja unatoa vitofali vingapi? Kitofali cha mstatili cha sentimita 20 kwa 10, unene wa 6, huenda 50 kwenye mita ya mraba. Mfuko ukitoa 100, mchanganyiko una nguvu. Ukitoa 150, saruji imeshuka chini ya kilo 280 kwa mita ya ujazo, na hicho ni kitofali cha bustani, si cha gari. Muuzaji akijibu haraka bila kupepesa macho, angalau anajua kazi yake. Namba iliyo kwenye mfuko nayo isomwe: 32.5 na 42.5 ni nguvu ya saruji ikipimwa siku ya 28, na mfyatuaji makini hupendelea ya pili.

Siku 28 hizo zinasumbua zaidi huku juu kuliko pwani. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na saruji kwenye baridi hukaza polepole. Kisha Septemba na Oktoba upepo mkavu hunyonya maji kabla saruji haijayatumia, na huo ndio msimu ambao kila mtu anataka uwanja wake umalizike kabla ya mvua za Novemba. Oda zinagongana, vitofali vinapakiwa siku ya nne vikiwa na rangi nzuri na nguvu nusu. Anayenunua Julai na kuviacha vikae ukutani kwake huku akivimwagilia anapata mali bora kwa fedha ileile, na pengine kwa fedha pungufu.

Nafikiri hapa ndipo ilipo siri ya pevingi kushika soko, kuliko hata mifuko ya saruji. Watu wengi hujenga kutoka mfukoni, si kutoka benki. Pevingi inanunulika mita 10 mwezi huu, mita 15 mahindi yakiuzwa. Zege halisubiri mshahara. Likianza kumwagwa linataka saruji yote, kokoto zote, mashine ya kuchanganyia, vibarua na sufuria ya chakula chao, kwa siku moja. Tena bomba la maji likipasuka chini ya njia, vitofali vinafukuliwa na kurudishwa bila alama. Zege linavunjwa kwa nyundo, na kiraka chake kitaonekana hadi mnapouza nyumba.

Mteremko, hata hivyo, unageuza maneno yote hayo. Nyumba zilizojipachika kwenye miinuko ya Loleza jijini Mbeya, au juu ya miamba ya Gangilonga, zina njia ambazo hata gari dogo hupanda kwa gia ya kwanza. Pevingi mahali hapo huanza kuteleza taratibu kuelekea getini. Mchanga ulio chini yake huoshwa na mvua, mistari inafunguka, na kingo zisizo na msingi zinasukumwa nje. Inawezekana kuizuia kwa mikanda ya zege inayokatisha njia kila baada ya mita chache, lakini ukishalipia mikanda hiyo faida ya bei imeondoka. Mlimani mimi ningemwaga zege bila kusitasita, likwanguliwe kwa ufagio mgumu lingali bichi ili tairi lishike, na likatwe viungo kila mita tatu au nne. Zege lisilokatwa viungo litajikatia lenyewe, na halina mkono mzuri.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi hawaitaji kwa sababu haiwapi kazi nyingi: mistari miwili ya zege ya matairi, nyasi katikati. Sentimita 60 kwa kila mstari, mita 20, ni mita za mraba 24 badala ya 60. Maji yanapata pa kunywewa na jirani wa chini hapokei mafuriko ya uwanja wako, jambo ambalo Mbeya yenye mvua kali si dogo. Inachukuliwa kuwa ni ya kimaskini. Sielewi kwa nini.

Lolote litakalochaguliwa, fedha inayookoa kazi haionekani. Ni kifusi au moramu iliyomwagwa kwa tabaka, ikanyeshewa na kushindiliwa kwa mashine, juu yake mchanga wa sentimita tatu hadi tano. Udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, inabidi uchimbwe na kuondolewa. Udongo mwepesi wa majivu ya volkano, wa kuelekea Rungwe, unaonekana mkavu na mzuri lakini unabonyea. Bei za “kwa mita” zinazotajwa simuni mara nyingi hazijagusa kazi hii. Anayetaja bei ya chini kabisa huenda anapanga vitofali juu ya mchanga uliomwagwa kwenye ardhi iliyokanyagwa kwa viatu. Mwezi wa kwanza uwanja wake na wa mwenzake aliyetoza mara moja na nusu unafanana kabisa.

Kwa hiyo mkataba, hata wa karatasi ya daftari, utaje vitu vitatu: unene wa tabaka la chini, mashine ya kushindilia inayokuja siku ipi, na kingo za zege pande zote mbili. Usitiwe saini kabla tipa la mwisho la mchanga wa uzio halijaingia na kutoka. Gari la kupimia uwanja, hata hivyo, si IST ya mwenye nyumba. Gari zito kuliko yote litakalopita hapo baada ya ujenzi ni lile la kunyonya majitaka, nalo likitoka huwa limeshiba. Likishapita hilo mara moja ndani ya msimu wa mvua bila kuacha bonde, fundi amaliziwe fedha yake.