Binti anataka kusoma utalii: watu wa Ruhija na kazi yao



Juma lililopita, kikao cha AVEC kilipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma. Binti yake amepata diploma ya Serikali na anataka kwenda Goma kusoma utalii. Baba yake anasema afadhali ualimu au uuguzi. Mama mwenyewe alituuliza kwa sauti ya chini: "Walimu, utalii ni kazi gani? Niuze ng'ombe ili mtoto aende kujifunza kutandikia wageni vitanda?"

Hatukucheka. Ng'ombe mmoja wa maziwa hapa kwetu ndiye chumvi, ndiye sabuni, ndiye minervali ya wadogo wote waliobaki nyumbani. Tuliahidi kumjibu humu. Chuo cha juu cha utalii kiko Goma, kinaitwa ISTou, lakini masomo ni jambo moja na kazi ni jambo lingine. Tuliona heri kuwaonyesha watu ambao wameifanya kazi yenyewe miaka mingi, mahali panapofanana na kwetu. Mahali hapo ni Ruhija, Uganda.

Wale kati yetu waliokimbia kupitia Bunagana na kulala katika kambi ya Nyakabande, karibu na Kisoro, hawakuwa mbali napo. Kaskazini ya Kisoro kuna msitu wa Bwindi, ambao upande mmoja unagusa nchi yetu kwenye hifadhi ya Sarambwe, Rutshuru. Ruhija iko juu ya mita 2,300, kuna baridi na ukungu, na watu wanalima viazi kama sisi. Mwaka 1991, mwaka ule ule Bwindi ilipofanywa mbuga ya taifa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzisha pale taasisi yake ya utafiti wa misitu, ambayo wengi wanaiita ITFC. Njia ilikuwa imefunguliwa na Mmarekani Thomas Butynski, aliyeanza kazi katika msitu ule mwaka 1986. Leo mkurugenzi ni Mganda, Robert Bitariho, mtaalamu wa mimea. Taasisi inachunguza, kisha inatoa shauri kwa wanaosimamia mbuga.

Wanachunguza nini? Tuanze na kuhesabu gorila, wale tunaowaita ngagi. Ngagi hakai apigwe picha kama mtoto wa shule. Lakini kila jioni kila mkubwa anajitengenezea kiota cha majani, na asubuhi anakiacha pamoja na mavi yake. Watafiti wanapita msitu mzima, wanahesabu viota, wanachukua mavi kidogo kutoka kila kiota, na maabara inatambua mnyama mmoja mmoja, ili asihesabiwe mara mbili. Hivyo ndivyo hesabu ya mwaka 2018 ilivyopata ngagi 459 katika Bwindi na Sarambwe. Ukiongeza 604 wa milima ya Virunga, unapata 1,063, na hao ndio ngagi wote wa milima duniani. Wanaobeba vifuko vile vya mavi ni vijana wa vijiji vya pale. Ni wao pia, pamoja na askari wa mbuga, wanaokwenda kwa wanyama kila siku, karibu miaka miwili, mpaka ngagi wazoee kuona mtu bila kukimbia. Bila miguu yao, Bwindi isingepokea wageni wa kwanza wa ngagi mwaka 1993.

Kuna uchunguzi mwingine ambao sisi wamama tutauelewa haraka zaidi. Mbuga ilipofungwa, watu walikatazwa kuingia msituni. Batwa, waliokuwa wakiishi humo tangu mababu, walitolewa, na wengi wakabaki bila shamba. Wanawake wa vijiji wakaanza kulia dawa zao. Ganda la mti mmoja, nyakibazi, ndilo walilokuwa wakiwapa watoto wenye minyoo, na kamba za mmea mwingine, omujega, ndizo za kusuka vikapu. Bitariho na wenzake walikwenda kupima: mti ukichubuliwa, unapona kwa muda gani? Mmea ukikatwa, unarudi? Mapatano yaliruhusu watu waliochaguliwa kuingia sehemu fulani na kuchukua kwa kipimo. Kwa hiyo, mama aliyeniuliza, mtafiti wa utalii anaweza kupita siku nzima akipima ganda la dawa ya minyoo.

Halafu kuna feza, na hapa tunapenda kukaa kidogo. Kibali cha mgeni kuona ngagi Uganda ni dola 800 kwa saa moja. Sheria inasema vijiji jirani vipate asilimia 20 ya malipo ya kuingia mbugani, lakini kibali cha ngagi kinahesabiwa pembeni, na kutoka kwa kila kibali vijiji vinapata dola 10. Hesabu hiyo mfanye wenyewe nyumbani. Feza za kwanza zilijenga madarasa na vituo vya afya. Baadaye zikanunua mbuzi na mbegu za viazi za kugawia nyumba. Pamoja na hayo, watu waliendelea kuingia msituni kwa siri kutega wanyama na kukata miti. Wakubwa walidhani ni umaskini tu. Mtafiti Medard Twinamatsiko na wenzake, Waganda na wageni, walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza, na mwaka 2014 wakatoa jibu. Umaskini ulikuwepo, ndiyo. Lakini wengi waliingia kwa sababu waliona wamedhulumiwa: wanaoishi ukingoni mwa msitu, ambao nyani wanakula mahindi yao na watoto wao wanakosa shule kwa kulinda shamba, ndio waliokuwa wakipata kidogo. Mbuzi walikuwa wakiishia kwa wenye sauti, karibu na soko. Sisi tuliowahi kusimama kwenye foleni ya msaada hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba pale mtu aliandika, akahesabu, akaweka karatasi mezani kwa wakubwa.

Na mwanamke yupo? Yupo. Si wa taasisi ya Ruhija, lakini msitu ni ule ule. Mwaka 1996 Gladys Kalema, msichana wa miaka 26 aliyetoka kusomea udaktari wa wanyama London, alikuwa daktari wa kwanza wa mbuga za Uganda. Ngagi wa Bwindi walianza kunyonyoka manyoya na kujikuna. Mtoto wao mmoja akafa. Ulikuwa upele, ule ule wa watoto wetu. Ngagi walikuwa wakitoka msituni kula migomba, na walishika nguo chakavu ambazo watu walivalisha sanamu za kufukuza wanyama. Gladys akaelewa kwamba hawezi kuwaponya ngagi akiwaacha watoto wa jirani wakijikuna. Mwaka 2003, yeye, mume wake na mwenzao mmoja walianzisha shirika ambalo wajumbe wake wa vijiji wanafundisha usafi, choo, maji na uzazi wa mpango, na papo hapo wanaripoti ngagi aliyeonekana mgonjwa. Baba yake aliuawa wakati wa Idi Amin, Gladys akiwa na miaka miwili. Aliyemsomesha ni mama yake, Rhoda Kalema, mjane mwenye watoto sita.

Msituambie kwamba huko ni amani tu. Machi 1999 watu wenye silaha waliotoka upande wetu wa mpaka waliingia Buhoma, wakaua watalii 8 na mfanyakazi mmoja wa mbuga. Ilichukua muda, lakini wageni walirudi, na watafiti waliendelea kuandika.

Kwetu pia mbegu imepandwa. Hifadhi ya Kisimba-Ikobo, Walikale, na ile ya Tayna, Lubero, zilianzishwa na wenyeji na machifu wao, Serikali ikazitambua mwaka 2006. Kasugho, karibu na Tayna, watu walijenga hata chuo kikuu cha kusomea uhifadhi. Vita vinavunja mengi, tunajua. Hatuwezi kumwahidi mama yeyote kwamba mtoto akimaliza atakuta kazi inamngoja.

Mama yule bado hajauza ng'ombe. Tulikubaliana naye na baba kwamba binti aanze hapa hapa. Siku ya soko anakaa na daftari karibu na wauza fromaji na kuandika: nani ananunua, ametoka wapi, amelipa ngapi, nini kingemfanya alale Ngungu usiku mmoja. Baada ya majuma manne atasoma matokeo mbele ya kikao, na baba atakuwepo. Siku ya kwanza wauzaji wawili walikataa kumjibu. Walidhani ni mtu wa kodi.