Darasa la Tano Katika Magofu ya Kaole

Ziara ya mafunzo ya shule ya msingi huanzia darasani, siku kadhaa kabla ya basi kuwashwa. Wanafunzi wanaofikishwa Kaole bila maandalizi huona kuta zilizobomoka, mbuyu mkubwa na mahali pa kunywea soda. Walioandaliwa huona mji wa biashara.

Magofu hayo yako kilomita 5 hivi kusini mwa Bagamoyo, mkoani Pwani. Pana mabaki ya misikiti miwili, wa kale zaidi ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi mengi ya mawe. Kwa mtoto wa darasa la tano, karne ni neno zito, hivyo ni vyema aanze na ukuta. Akiusogelea ataona mawe yenye vitundu vingi, mengine yakiwa na alama kama nyota. Hayo ni matumbawe, mabaki ya viumbe wadogo wa baharini, na yameshikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Swali la wajenzi walitoa wapi saruji linaishia hapo hapo ukutani.

Ndani ya msikiti, kazi ni ya dira. Mwanafunzi akisimama akiielekea kibla, sindano huonyesha mbele yake, karibu kaskazini kabisa. Ramani ya ukutani shuleni inaeleza sababu: Bagamoyo iko karibu na longitudo ya nyuzi 39 mashariki, na Makka karibu na nyuzi 40. Longitudo, ambayo ubaoni huwachosha wengi, huanza kuwa na maana.

Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, na vishimo vya mviringo vinaonyesha palipopachikwa bakuli za kaure za China. Hapa mwalimu anahitaji tahadhari, kwa sababu watoto huhitimisha upesi kwamba Wachina waliishi Kaole. Bakuli zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi. Vyombo vilivyotoka Arabuni na India vilishuka na kaskazi, vikarudi na kusi, na kwa hiyo somo la pepo hizo linapaswa kutangulia safari.

Kati ya magofu na bahari kuna mikoko, na huenda hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote kwa somo la sayansi. Tope la mikokoni lina oksijeni kidogo sana, hivyo mchu huchomoza mizizi yake juu ya tope ili ipate hewa. Mkoko nao una ajabu yake: mbegu huota ikiwa bado mtini, kisha mche hudondoka ukiwa tayari mrefu. Yote haya huonekana maji yakiwa yamekupwa. Siku nzuri ni za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maana maji hupwa mbali zaidi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita, kwa hiyo mwalimu asiyeuliza wavuvi saa za maji anaweza kulikuta tope limefunikwa.

Ridhaa ya wazazi, nauli, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza havihitaji maelezo marefu. Kosa la kawaida ni jingine: kubandika Bagamoyo nzima katika siku hiyohiyo. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, boma la Wajerumani na historia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa vinastahili ziara yake, tena baada ya masomo ya kutosha, kwani habari za utumwa hazifundishiki kwa kupita mbio.

Kazi ya kurudi nayo shuleni iwe moja: mchoro wa msikiti uliopimwa kwa futi kamba na wanafunzi wenyewe, kwa kipimio cha 1:100, ambapo mita moja ya ukuta huwa sentimita moja daftarini. Mchoro huo unamtosha mwalimu kujua nani alipima na nani alinakili kwa mwenzake.