Wepesi wa Skii na Gharama Yake

Neno 'wepesi' aghalabu hutumiwa kusifu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika skii, yaani jozi ya mbao ndefu afungazo mtu miguuni ili ateleze thelujini, wepesi ni sifa yenye gharama. Mada hii si ngeni kabisa kwetu. Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii huko Nagano, Japani, mwaka 1998, naye Sabrina Simader akashindana katika kuteremka mlima huko Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018.

Skii tunazozilenga hapa ni zile zinazokusudiwa kutumika mlima mzima: kwenye njia zilizoshindiliwa kwa mitambo, kwenye theluji laini isiyokanyagwa, na kwenye theluji iliyovurugwa na waliotangulia. Kiuno chake, yaani sehemu nyembamba iliyo chini ya kiatu, huwa na upana wa takriban milimita 80 hadi 100.

Skii nyepesi huwa na kiini cha mbao nyepesi, mathalani paulonia, na pengine nyuzi za kaboni. Humtii mwenyewe upesi, hugeuka kwa nguvu kidogo baina ya miti, wala haichoshi miguu haraka. Hata hivyo, ikipita kwa kasi juu ya theluji iliyovurugika, hutetemeka na kurushwarushwa, kwa kuwa uzani wake hautoshi kuzima mishtuko. Skii nzito, hasa yenye mabamba ya aloi ya alumini ndani yake, hutulia na kushika njia. Ila humdai mtumiaji nguvu na ustadi zaidi.

Aidha, uzani pekee si kigezo tosha. Skii mbili zenye uzani sawa zaweza kutofautiana mno. Yenye kiuno chembamba hulala upesi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwenye theluji ngumu, ilhali yenye kiuno kipana huelea juu ya theluji laini. Hali kadhalika, ncha iliyopinda juu kwa urefu mkubwa hurahisisha kugeuka, lakini hupunguza sehemu ya ukingo inayouma theluji ngumu.

Kwa hivyo, anayeuliza skii ipi ni bora hana budi kwanza kutaja theluji, kasi na nguvu zake mwenyewe. Kiswahili kinayamudu maelezo hayo kwa maneno yake ya kawaida: kiuno, ncha, kiini, ukingo. Waama, kizuri hakikosi ila. Kazi ya mlinganishi ni kuitaja ila hiyo waziwazi.